Miezi sita mfululizo: Thaddeus Stevens, wakili aliyejua kusoma sheria

Mwaka 1821 Mahakama ya Juu ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, ililetewa swali ambalo ukiliuliza kijiweni watakucheka: miezi sita ni ipi?

Swali lilikuwa na uzito wake. Pennsylvania ilikuwa imetunga sheria mwaka 1780 ya kuumaliza utumwa kidogo kidogo, na ndani yake mlikuwa na sharti kwamba mtumwa aliyeingizwa na bwana wake kutoka jimbo jingine, akikaa zaidi ya miezi sita, hawezi tena kushikiliwa. Charity Butler alikuwa mtumwa kutoka Maryland, jimbo la jirani ambako utumwa uliendelea kama kawaida. Alipelekwa Pennsylvania zaidi ya mara moja, akakaa, akarudishwa. Ukijumlisha siku zote hizo, miezi sita inapita. Akadai uhuru wake na wa watoto wake.

Wakili wa upande wa bwana alikuwa na hoja fupi. Sheria haikusema siku zijumlishwe. Miezi sita ni miezi sita mfululizo. Mtu akivuka mpaka kurudi Maryland, hesabu inaanza upya. Majaji wakakubali. Charity na wanawe wakabaki mali ya mtu.

Wakili huyo aliitwa Thaddeus Stevens, kijana wa miaka 29. Miaka 40 na ushei baadaye, Stevens huyohuyo ndiye aliyekuwa akiongoza Baraza la Wawakilishi mjini Washington kupitisha marekebisho ya katiba yaliyoufuta utumwa nchi nzima, akawafungia mlango wa Bunge waasi wa Kusini, na hatimaye akamburuta Rais wa Marekani mbele ya Seneti. Walipokuwa wakitaja watu wanaowachukia, mabwana wa mashamba ya pamba walianza na yeye.

Wanaomwandika hugawanyika pande mbili. Kuna wanaomfanya mtakatifu aliyeona mwanga, na kuna wale, hasa waandishi wa mwanzoni mwa karne ya 20, waliomchora kama mzee kiguu mwenye nyongo, anayelipiza kisasi kwa kila mtu mwenye miguu mizima. Mimi naona wote wanalipita jambo lililo wazi mno: mtu huyu alikuwa wakili, na alikuwa wakili hadi kaburini. Jicho lake lilikuwa la kuona mstari wa sheria ambao wengine wameuruka. Jicho hilo halikubadilika tangu kesi ya Charity Butler. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa akinufaika nalo.

Alizaliwa Danville, Vermont, kaskazini kabisa mwa nchi, tarehe 4 Aprili 1792, mguu mmoja ukiwa umepinda tangu tumboni. Baba alikuwa mlevi, akaikimbia familia, na mama akalea wavulana wanne peke yake. Mama huyo alikaza meno hadi mwanawe akamaliza chuo cha Dartmouth mwaka 1814. Stevens akahamia mji wa York, Pennsylvania, akawa mwalimu mchana na msomaji wa vitabu vya sheria usiku.

Hapo ndipo sheria ilipompiga kofi la kwanza. Mawakili wa York walipitisha kanuni kwamba mtu aliyesoma sheria huku akifanya kazi nyingine hawezi kupewa leseni. Kanuni hiyo ilimlenga nani, si vigumu kukisia. Stevens hakubishana nao. Mwaka 1816 alipanda farasi, akavuka mpaka hadi Bel Air, Maryland, ambako hapakuwa na kanuni ya namna hiyo, akafanyiwa mtihani huko. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba mtihani ule ulihitaji chupa mbili za mvinyo wa Madeira kwa ajili ya watahini: moja kabla ya maswali, nyingine baada ya kufaulu. Akarudi Pennsylvania na cheti mkononi, akafungua ofisi Gettysburg, mji mdogo ambao wakati huo haukuwa na sifa yoyote. Aliyefungiwa mlango wa mbele alikuwa ameingilia uani, kihalali kabisa.

Baada ya kesi ya Charity Butler hakuna tena mwenye watumwa aliyepata huduma yake ya aina ile. Mwaka 1823, katika sherehe ya tarehe 4 Julai hapo Gettysburg, aliinua glasi na kumtakia rais ajaye awe mtu huru ambaye hajawahi kumfunga binadamu pingu za utumwa. Kwa mji ulio kilomita chache tu kutoka mpaka wa Maryland, hayo hayakuwa maneno ya kupendwa. Watoro waliovuka mpaka ule walianza kumfahamu kama wakili wa kukimbilia.

Aliingia bunge la jimbo mwaka 1833 kwa tiketi ya chama kilichoundwa kuwapinga Wamasoni, wanachama wa jumuiya ya siri ya Freemason. Sehemu hii nitaipita upesi, maana haimpambi. Chuki yake kwa Wamasoni ilikuwa karibu na ugonjwa, na uchunguzi aliouongoza bungeni dhidi yao uliishia kuchekwa. Lakini katika bunge hilohilo alifanya jambo ambalo mwenyewe alilihesabu kuwa kubwa kuliko mengine yote maishani mwake.

Mwaka 1834 Pennsylvania ilipitisha sheria ya shule za umma zinazolipiwa kwa kodi. Wenye mali walikasirika: kwa nini nimsomeshee jirani mtoto wake? Wapigakura wakaja juu, na mwaka uliofuata Seneti ya jimbo ikapiga kura kuifuta sheria. Baraza la Wawakilishi nalo lilikuwa tayari kufuata. Tarehe 11 Aprili 1835 Stevens akasimama. Hoja yake iliyobaki kwenye vichwa vya watu ilikuwa nyepesi: mnalipa kodi ya jela na ya mahakama bila kunung'unika, ingawa wengi wenu hamjawahi kuhitaji jela, iweje kodi ya kumzuia mtu asifike huko jela iwe dhuluma? Baraza lilipopiga kura, sheria ilipona. Ni mara chache sana hotuba moja hugeuza kura bungeni, kwa kawaida wabunge huwa wameshaamua wakiwa kwenye chai. Hii iligeuza.

Miaka miwili baadaye alikuwa mjumbe katika mkutano wa kuandika upya katiba ya jimbo. Wajumbe waliingiza neno moja kwenye sifa za mpigakura: mweupe. Kwa neno hilo, wanaume weusi wa Pennsylvania ambao hadi hapo wangeweza kupiga kura wakapoteza haki hiyo. Katiba ilipokamilika, wajumbe wakapanga foleni ya kuweka saini. Stevens hakuweka yake.

Haikuwa siasa ya heshima siku zote. Desemba 1838 uchaguzi wa jimbo ulivurugika, kila upande ukachagua spika wake ndani ya ukumbi mmoja, na umati wenye hasira ukajaa kwenye Seneti huko Harrisburg. Stevens, akiwa na miaka 46 na mguu wake ule, alitoroka kwa kuruka dirishani.

Nje ya siasa alikuwa na biashara ya kuyeyusha chuma, na biashara hiyo ilimmeza. Madeni yalifika kama dola 200,000, pesa za kutisha kwa wakati ule. Mwaka 1842 alihama Gettysburg kwenda Lancaster, mji wenye kesi nyingi na wateja wenye fedha, akaanza kulipa deni kidogo kidogo kwa ada za uwakili.

Lancaster ndiko alikokutana na Lydia Hamilton Smith, mwanamke mwenye damu mchanganyiko, mjane mwenye watoto wawili, aliyesimamia nyumba yake kwa takriban miaka 20. Magazeti ya wapinzani yalijaa uvumi juu yao. Stevens hakujisumbua kukanusha. Alichodai ni kwamba anayefika kwake amwite mama huyo kwa heshima, kama angemwita mwanamke mweupe yeyote wa hadhi yake. Lydia naye alikuwa mfanyabiashara kwa haki yake mwenyewe, akinunua na kupangisha nyumba. Nyuma ya jengo lililokuwa makazi na ofisi ya Stevens, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta miaka ya karibuni birika la kuhifadhia maji lililotobolewa ubavuni, kwa namna iliyowafanya waamini kuwa lilitumika kuficha watoro. Hilo linaoana na barua yake ya mwaka 1847, ambamo aliwatahadharisha rafiki zake kuhusu wakamata watu na kueleza kwamba ana mpelelezi anayewapeleleza wapelelezi.

Mwaka 1849 alikwenda Washington kwa mara ya kwanza kama mbunge wa taifa. Mwaka uliofuata Kongresi, yaani Bunge la taifa, ikapitisha sheria ya kuwarudisha watoro, na hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu sheria hiyo ni kielelezo cha jinsi dhuluma inavyofichwa kwenye utaratibu. Mtu aliyedaiwa kuwa mtoro alipelekwa mbele ya kamishna, si mbele ya juri, jopo la raia wanaoamua kesi. Hakuruhusiwa kutoa ushahidi. Kamishna akiamua arudishwe, alilipwa dola 10. Akiamua aachiwe, dola 5. Watetezi wa sheria walisema tofauti hiyo inatokana na wingi wa makaratasi ya kumrudisha mtu. Raia wa kawaida naye aliyetakiwa kusaidia ukamataji akikataa, alikuwa na kosa.

Tarehe 11 Septemba 1851, alfajiri, mwenye watumwa wa Maryland aitwaye Edward Gorsuch alifika na afisa wa serikali kwenye nyumba ya mawe karibu na kijiji cha Christiana, si mbali na Lancaster, kuwachukua watu wake waliotoroka. Ndani ya nyumba alikuwamo William Parker, naye mtoro, ambaye alikuwa amejiapiza kwamba hakuna atakayechukuliwa hapo. Tarumbeta ikapulizwa dirishani, majirani weusi wakaja na bunduki na mapanga. Gorsuch akauawa. Katikati ya vurugu hiyo alifika msaga nafaka mmoja mweupe juu ya farasi, Castner Hanway. Afisa akamwamuru asaidie. Hanway akakataa.

Serikali ikawashtaki watu karibu 40 kwa uhaini, ikaanza na Hanway. Stevens alikuwa mmoja wa mawakili wa utetezi, ingawa kwa kuwa jina lake lilikuwa limeshawasha moto, mwenzake John Read ndiye aliyesimama mbele zaidi. Utetezi ulirudi kwenye mstari mmoja wa katiba ya Marekani: uhaini ni kuipiga nchi vita au kuwasaidia maadui wake, basi. Je, msaga unga aliyekaa juu ya farasi bila silaha na kusema hapana, ameipiga vita Marekani? Hata jaji, ambaye hakuwapenda wapinga utumwa, aliwaambia wanajuri kwamba haoni uhaini hapo. Walitoka, wakarudi baada ya kama dakika 15. Hana hatia. Kesi za wengine zikasambaratika.

Aliondoka Kongresi mwaka 1853, akarudi Desemba 1859 akiwa Mrepublican, yaani wa chama kilichopinga kuenea kwa utumwa, mwenye miaka 67 na wigi kichwani. Wigi hilo nalo lina kisa: mwanamke mmoja aliyemsifu sana aliomba apewe kishungi cha nywele zake kama ukumbusho, Stevens akalivua lote akamkabidhi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yenye watumwa yaliyojitenga, vilipoanza 1861, yeye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Baraza inayoshughulikia kodi na mikopo, kwa hiyo bili ya vita ilipita mikononi mwake: kodi ya mapato, mikopo, na mwaka 1862 noti za karatasi zisizo na dhahabu nyuma yake ambazo kila mtu alilazimika kuzipokea. Juni 1863, siku chache kabla ya mapigano ya Gettysburg, Jenerali Jubal Early wa jeshi la Kusini alipita kwenye kiwanda chake cha chuma cha Caledonia, akajua ni cha nani, akakichoma moto chote.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe.

Januari 1865 Baraza lilijadili Marekebisho ya 13 ya katiba, ya kuufuta utumwa. Kura zilikuwa za kubana. Wapinzani walikuwa na mtego mmoja: wamfanye Stevens aseme hadharani kwamba anaamini mweusi na mweupe ni sawa katika kila kitu, halafu wawatishe wabunge waoga kwa maneno hayo. Walimchokoza. Stevens, ambaye ulimi wake ulikuwa kama wembe, akajibu kwa utulivu kwamba yeye hajadai usawa katika mambo yote, anadai usawa mbele ya sheria, hakuna zaidi. Baadhi ya wenzake waliona ameogopa. Mimi nauona kama uwakili safi: hakuomba mahakama impe zaidi ya kile kilichoandikwa kwenye dai lake. Tarehe 31 Januari marekebisho yalipita kwa kura 119 dhidi ya 56.

Utumwa ulipokufa, palizuka tatizo la hesabu ambalo wengi hawakuliona. Katiba ya zamani iligawa viti vya Baraza la Wawakilishi kwa wingi wa watu, na mtumwa alihesabiwa kama tatu ya tano ya mtu. Watumwa watano, watu watatu. Kusini kulikuwa na watumwa wapatao milioni 4, kwa hiyo waliingia kwenye hesabu kama milioni 2.4. Sasa wote ni huru, na mtu huru huhesabiwa mzima. Kusini ikaongezewa watu milioni 1.6 kwenye karatasi kwa usiku mmoja. Lakini watu hao hawakuruhusiwa kupiga kura. Maana yake ni kwamba mabwana walewale walioasi, wakashindwa vita, walikuwa wanarudi Washington na viti vingi kuliko walivyoondoka navyo, vikijazwa kwa vichwa vya watu waliokuwa wakiwachapa viboko jana.

Na walikuwa wanarudi kweli. Rais Andrew Johnson, aliyeshika nafasi baada ya Lincoln kuuawa, alikuwa ametoa misamaha kwa wingi na kuziruhusu serikali za Kusini zifanye uchaguzi. Wabunge wapya wakapanda treni. Bunge lilikuwa likutane tarehe 4 Desemba 1865.

Utamzuia vipi mbunge mwenye cheti cha kuchaguliwa? Stevens na wenzake walitazama utaratibu. Bunge jipya linapokutana siku ya kwanza, halina spika. Anayesimama mbele ni karani wa Bunge lililopita, na kazi yake ni kusoma orodha ya majina. Ambaye jina lake halikusomwa hapigi kura ya kumchagua spika na hasikilizwi. Karani alikuwa Edward McPherson, kijana wa Gettysburg aliyelelewa kisiasa na Stevens mwenyewe. Siku hiyo McPherson alisoma majimbo kwa zamu, na alipofika yale yaliyoasi akayaruka. Horace Maynard wa Tennessee, ambaye kwa kweli aliipinga vita ya Kusini tangu mwanzo, alisimama akitikisa cheti chake. Karani akamwambia hawezi kukatizwa wakati wa kusoma majina. Mbunge mmoja wa New York akapinga kwa sauti. Usomaji ukaendelea. Spika akachaguliwa, na baada ya hapo kikatumika kifungu cha katiba kinachosema kila baraza ni mwamuzi wa uchaguzi na sifa za wajumbe wake. Wakaundiwa kamati ya watu 15 ya kuchunguza kama majimbo hayo yanastahili kuwakilishwa. Kwa upande wa Baraza kamati hiyo iliongozwa na Stevens.

Hakuna risasi iliyopigwa. Karatasi ilisomwa, na sehemu yake haikusomwa.

Kamati hiyo ndiyo iliyozaa Marekebisho ya 14, ambayo mawakili wa Marekani huyataja hadi leo karibu kila wiki mahakamani. Sehemu ya kwanza, inayosema aliyezaliwa nchini ni raia na kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria, iliandikwa kwa kiasi kikubwa na John Bingham wa Ohio, naye wakili. Mkono wa Stevens unaonekana zaidi kwenye sehemu ya pili, ile ya hesabu: jimbo likiwanyima kura wanaume watu wazima, litapunguziwa viti kwa kiwango hichohicho. Kwa maneno mengine, usiyemruhusu kupiga kura usimtie kwenye hesabu yako. Ni kifungu cha akili sana. Kilikuwa na kasoro mbili. Kwanza kiliingiza neno wanaume kwenye katiba kwa mara ya kwanza, na akina Susan B. Anthony waliokuwa wakidai kura za wanawake hawakulisamehe. Pili, kifungu chenyewe hakikuwahi kutekelezwa. Kusini iliwanyima weusi kura kwa miongo mingi na haikupunguziwa hata kiti kimoja.

Stevens alijua kwamba amepata nusu. Tarehe 13 Juni 1866, kabla ya kura ya mwisho, alieleza Baraza kwamba tangu ujana aliota siku ambayo taasisi za nchi zingejengwa upya bila ubaguzi wowote, na kwamba ndoto hiyo imetoweka. Kilichobaki ni kuziba viraka kwenye jengo bovu. Akajiuliza mwenyewe kwa nini basi anakubali kitu chenye upungufu hivyo. Jibu lake: kwa sababu naishi kati ya watu, si kati ya malaika.

Nusu iliyomkosa ilikuwa ardhi. Septemba 1865, akizungumza na watu wa Lancaster, alipendekeza mashamba ya mabwana wakubwa wa Kusini yataifishwe. Hakulenga mkulima mdogo: alitaja wenye zaidi ya ekari 200 au mali ya zaidi ya dola 10,000, ambao kwa hesabu yake walikuwa kama 70,000 na kwa pamoja walishika ekari milioni 394. Kila mwanamume mtu mzima aliyetoka utumwani apewe ekari 40. Zinazobaki ziuzwe, zilipe deni la vita na pensheni za askari. Mpango huo ulihitaji ekari milioni 40 tu kati ya hizo zote. Alileta muswada Machi 1867, akiwa mgonjwa kiasi kwamba sehemu ya hotuba yake ilisomwa na mwenzake. Haukwenda popote. Wabunge wa Kaskazini waliokuwa tayari kutoa uhuru na hata kura walisita walipofika kwenye hati ya shamba, labda kwa kuwa na wao walikuwa na hati zao. Walioachwa huru wakarudi kulima kwa kugawana mavuno kwenye ardhi ya bwana yuleyule.

Kuhusu Rais Johnson nitasema kwa ufupi, ingawa ndiko Stevens alikojulikana zaidi. Bunge lilikuwa limepitisha sheria mwaka 1867 ya kumzuia rais kuwafukuza maafisa fulani bila ridhaa ya Seneti. Februari 1868 Johnson akamfukuza waziri wa vita, Edwin Stanton. Tarehe 24 Baraza likapiga kura 126 dhidi ya 47 kumshtaki. Kesho yake Stevens, asiyeweza tena kutembea, alifika Seneti kutangaza mashtaka. Alikuwa akibebwa kwenye kiti na vijana wawili, na inasimuliwa kwamba aliwauliza: mkifa ninyi, nani atanibeba?

Lakini safari hii mwanya ulikuwa upande wa pili. Sheria ilisema waziri analindwa kwa muda wa rais aliyemteua, na mwezi mmoja zaidi. Stanton aliteuliwa na Lincoln. Lincoln alikuwa kaburini. Mawakili wa Johnson wakausoma mstari huo mbele ya maseneta kwa sauti, kama Stevens alivyousoma ule wa miezi sita. Mkuki kwa nguruwe. Stevens mwenyewe alikuwa ameshawaonya wenzake wasiiegemeze kesi yote kwenye Stanton, akasisitiza shitaka la 11, alilolitunga kwa upana zaidi. Ndilo lililopigiwa kura kwanza, tarehe 16 Mei. Kura 35 za hatia, 19 za kutokuwa na hatia. Ilihitajika theluthi mbili, yaani 36.

Alikufa Washington tarehe 11 Agosti 1868, karibu na saa sita ya usiku, Lydia Smith akiwa kando ya kitanda. Mwili uliwekwa chini ya kuba la jengo la Bunge, ukilindwa na askari weusi. Warepublican wa Lancaster, waliokuwa karibu kuchagua mgombea wao, walimpitisha marehemu kwa heshima.

Alikuwa ameshanunua sehemu ya kuzikwa mapema, kwanza kwenye makaburi moja ya Lancaster, kisha mengine. Kila mara alisoma masharti ya hati na kukuta kwamba weusi hawaruhusiwi kuzikwa humo. Akarudisha hati. Mwishowe akapata makaburi madogo ya mtaani yasiyo na sharti hilo, na akaandika mwenyewe maneno ya jiwe lake: kwamba amelala mahali hapa patulivu si kwa kupenda upweke, bali kwa kuwa makaburi mengine yamewekewa mipaka ya rangi katika kanuni zao, naye ametaka kifo chake kionyeshe alichokitetea maisha yake yote, usawa wa binadamu mbele ya Muumba wao.

Wosia wake nao aliuandika kama wakili. Lydia Smith achague mwenyewe: dola 500 kila mwaka, au dola 5,000 kwa mkupuo. Lydia baadaye aliinunua nyumba ile ya Lancaster. Mpwa wa Stevens, aliyebeba jina lilelile la Thaddeus, angerithi sehemu kubwa kwa sharti moja. Mjomba alijua kijana anakunywa, kama babu yake. Akionyesha kwamba amekaa miaka mitano bila kugusa pombe hata kidogo, atapata robo ya mali. Miaka mitano mingine, robo nyingine. Akishindwa, fedha ziende kujenga nyumba ya yatima isiyobagua rangi wala asili ya mtoto.

Mpwa alikufa mwaka 1874. Nyumba ya yatima ikawa shule ya ufundi mwaka 1905, na leo ni chuo cha ufundi hapo Lancaster chenye jina la Stevens. Kama kijana aliwahi kuacha pombe kwa mwaka mmoja hapa na miaka miwili pale, wosia haukuwa na nafasi ya kuijumlisha.